Kifuniko cha Mestini

Mjomba alikuwa hanywi chai kabla hajakipindua kikombe na kukitazama makalioni. Kilikuwa kikombe kilekile cha jana na juzi, cha bati jeupe lililobanduka ukingoni, lakini alikipindua hivyohivyo, akapitisha kidole gumba juu ya alama ya mshale na tarakimu za mwaka zilizogongwa chini yake, ndipo akaninyooshea nimmiminie. Mshale ule ulikuwa na maana kwamba kikombe kilitolewa na jeshi, hakikununuliwa dukani. Nilipohamia kwake nikiwa na miaka kumi, mama yangu, dada yake, akiwa ameshafariki, nilidhani anatafuta uchafu. Siku moja nikakisugua kwa jivu mpaka kikang'aa. Aliponiona alikaa chini kama mtu aliyepigwa.

"Usisugue, mwanangu," aliniambia. "Ukisugua unamfuta mtu."

Kazi yake ilikuwa udobi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, moja ikipumzika nyingine ikifanya kazi, na kamba zilizojaa mashati ya watu. Kila nguo iliyoingia aliifungia kitambaa kidogo chenye alama ya mwenyewe. Miaka thelathini na moja hakuwahi kupoteza hata leso. Dobi anayechanganya nguo za watu, alisema, ni mwizi mwenye sabuni.

Chumba cha nyuma ndiko tulikolala, pazia katikati, na ukuta mmoja mzima ulikuwa rafu za vitu vya askari wa vita vya zamani. Bunduki na risasi hakuzitaka. Alitaka vijiko, vifungo, mikanda, brashi za kunyolea, chupa za maji zilizovikwa kitambaa kizito, na vile vikoba vya sindano na uzi ambavyo kila askari alipewa ajishonee mwenyewe. Bunduki, alisema, ni ya serikali hata ikiwa mkononi mwako, lakini kijiko ukishakitia mdomoni ni chako. Kila kitu kilifungiwa kitambaa cha alama kama mashati, kimeandikwa kilikotoka na aliyekileta.

Yeye mwenyewe hakuwahi kushika silaha. Mtaani walimwita Jenerali, na wakimuuliza alipigana vita gani alijibu, vita vya kola chafu, na bado havijaisha. Lakini walimletea vitu. Aliyeleta kifungo akiapa kuwa ni cha jeshi, Mjomba alikipima kiganjani, akakigonga kwenye jino, akamwambia taratibu kuwa ni cha koti la mlinzi wa benki. Askari walikwaruza namba zao kwa msumari, na penye mikwaruzo hiyo, alipopaka chaki iliyosagwa na kupangusa kwa kidole, namba ya askari ilitokea nyeupe. Siku hizi alipaka yeye nikasoma mimi, kwa sababu macho yake yalishaliwa na moshi wa mkaa. Shule niliishia darasa la tatu, ila tarakimu hazikunishinda kamwe.

Chaki ilitoka kwa Mama Cherehani, fundi wa nguo wa mlango wa nne kutoka kwetu, aliyempa Mjomba vipande vilivyokatika. Alikaa na mama yake, bibi mzee aliyekuwa hatoki tena kitandani. Asubuhi moja alikuja na kitu kimefungwa kwenye kipande cha bitana, akakiweka juu ya meza katikati ya mashati.

"Jenerali, wewe si unasoma mabati. Nisomee na hili."

Lilikuwa mestini, kopo la askari la kulia, lenye umbo la figo. Kifuniko hakikuwepo. Akatueleza. Baba yake alichukuliwa vitani yeye akiwa anatambaa. Alirudi likizo mara moja tu, na siku ya kuondoka akaligawa kopo lake: la chini akaliacha mtoto alishiwe uji, kifuniko akaenda nacho, akasema yeye atakula juu ya kifuniko mpaka vikutane tena. Hakurudi na barua haikuja. Wapo waliosema amekufa, na wapo waliosema amepata mke huko huko. Bibi aliishi na hayo mawili maisha yake yote, na sasa kila siku alikuwa anauliza kimoja tu: alikufa au alinitupa? Mama Cherehani alilitaja na jina la mama yake, tulilokuwa hatujawahi kulisikia, maana sisi tulimwita Bibi tu.

Mjomba akapaka chaki, akapangusa kwa kidole, tarakimu mojamoja, akanisogezea. Nikasoma kimoyomoyo: saba, mbili, nne, sifuri, moja. Niliitambua kabla sijafika mwisho.

Kwenye rafu ya tatu chumba cha nyuma kulikuwa na kifuniko cha mestini chenye namba hiyohiyo. Nilishakisoma mara nyingi. Chini ya namba palikwaruzwa jina la mwanamke, lilelile alilolitaja, ambalo mpaka asubuhi ile hatukujua ni la nani. Na kitambaa chake kilisema kimeletwa na muuza vyuma chakavu, kimefukuliwa kwenye shimo la nyuma ya hospitali ya zamani ya askari. Mjomba mwenyewe alinifundisha maana ya shimo lile: aliyepona aliondoka na kopo lake, la aliyekufa lilitupwa.

Nilimtazama. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya blanketi kama pasi iliyosahauliwa.

"Tarakimu zimelika," akasema. "Niachie siku mbili tatu nilitazame vizuri."

Mama Cherehani akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye macho, huoni kitu?"

"Chaki haijashika vizuri, mama," nikasema.

Sikulazimishwa na mtu. Maneno yalinitoka yenyewe, tena kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alipoondoka, Mjomba alifunga mlango wa mbele mchana kweupe, akaenda rafuni, akakishusha kifuniko na kukiweka juu ya kopo. Kiliingia bila kulazimishwa. Katika vitu vyake vyote hakuwa na mestini hata moja iliyokamilika. Alicheka, akalifungua, akalifunga tena, akaniita nisikie mlio wake. Kisha akalifunika kwa taulo, kama mtu anayefunika kioo.

"Nitamwambia," akasema, nami sikuwa nimeuliza. "Mwisho wa wiki nitamwambia. Acha nikae nalo kidogo."

Mwisho wa wiki ukaja ukapita. Mimi ndiye niliyepeleka nguo za watu majumbani, na mlango wa Mama Cherehani haukwepeki. Mara ya kwanza aliponiuliza nilimwambia Mjomba anaumwa macho. Mara ya pili nilisema chaki imekwisha. Akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akanipa vipande vinne vizima, ambavyo havijakatika, akasema mwambie Jenerali asibane, kazi yetu ni moja. Nikavishika mkononi njia nzima mpaka vikalowa jasho.

Mara ya tatu sauti ya Bibi ilitoka nyuma ya pazia.

"Ni yule mtoto wa dobi? Muulize kama bati limesema."

Mama Cherehani akanitazama huku mguu wake ukiendelea kukanyaga. Nikatikisa kichwa, bado.

"Bado, mama," akamjibu.

"Haya. Nasubiri," Bibi akasema.

Nilimweleza Mjomba neno kwa neno. Alikuwa anapiga pasi suruali. Aliinyoosha mikunjo yote miwili, akaitundika, akasema kesho. Naamini alikuwa na maana ya kesho kweli. Lakini jioni nilimwona tena na taulo lake, analifungua kopo na kulifunga.

Siku ya tano baada ya hapo Bibi akafariki.

Tulikwenda kuzika kama majirani wote. Mjomba alisimama nyuma kabisa, kola yake imenyooka kama kawaida, na alipofika kumpa mkono Mama Cherehani aliangalia viatu vyake. Wiki iliyofuata Mama Cherehani mwenyewe alikuja na shuka mbili za marehemu.

"Zifue nizihifadhi," alisema. "Na kile kibati, kaa nacho tu, Jenerali. Mwenye kukiulizia ameshakwenda. Najua kwako kitatunzwa."

Mjomba alizipokea shuka. Alichokuwa anakitamani kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, tena kwa shukrani.

Asubuhi ya pili yake alikunywa chai bila kukipindua kikombe. Mimi ndiye niliyeona, na sikusema kitu, maana kusema ningekuwa nimeshasema zamani. Alizifua zile shuka mara tatu ingawa ya kwanza ilitosha. Alizipiga pasi polepole, akazikunja mpaka zikawa kama kitabu, juu yake akaweka mestini ikiwa imefungwa na kifuniko chake, akaandika kitambaa cha alama na kukifungia mpinini. Aliandika jina la Bibi.

"Nitapeleka mwenyewe," akasema. "Angalia pasi isiunguze blanketi."

Nilimwaga mkaa wa pasi nje, nikaziacha kizingitini, nikamfuata kwa mbali. Mlangoni kwa Mama Cherehani nguo zilizokamilika zilitundikwa msumarini mpaka chini. Nikasimama nyuma ya gauni la mtu.

Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: kwamba kifuniko alikuwa nacho miaka minane, kwamba namba aliijua siku ileile, kwamba mwenye kopo alikufa hospitali ya askari, na kwamba jina lililokwaruzwa kifunikoni ni la mama yake. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nikasikia mkono wa Mama Cherehani ukipita juu ya bati.

"Hakumtupa," akasema.

"Hakumtupa."

"Siku ngapi, Jenerali? Toka nikuletee mpaka mama anakufa."

"Arobaini na moja."

Sikuwa najua kwamba alikuwa anazihesabu. Mimi pia nilizihesabu.

"Na huyo mtoto? Yeye ndiye anayekusomea. Alijua?"

"Hakujua," Mjomba akasema. "Hajui kusoma vizuri."

Mjomba akatoka, akalisogeza gauni kwa nyuma ya mkono, akaniona. Hakushtuka. Alinishika bega kidogo, kama anavyoshika shati kujua limekauka au bado, akaniachia.

Akaenda. Nilidhani anarudi nyumbani. Alipita mlango wa tatu, wa pili, akafika mlango wetu uliokuwa wazi, pasi zikiwa kizingitini na mashati ya watu yakionekana ndani, akaupita bila kugeuza shingo, mikono mitupu, mpaka kwenye kona ya barabara kubwa. Ningemwita angesikia. Sikumwita, na hakurudi.