Damu Aliyoitikisa Mzee Marwa

Siku ile ya Bhoke naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu asisikie.

Nilikuwa bado mgeni wa koti jeupe. Nimezaliwa Nyamwaga, nikaenda kusoma, nikarudi hapa Tarime kupima kemia ya damu hospitalini, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli. Wewe unayekwenda chuoni kusomea kazi hiihii, sikiliza, maana sifa za cheti nazijua.

Bhoke alikuwa mama mwenye mtoto mchanga, kaletwa kutoka Nyanungu. Kuhara na kutapika kulikuwa kumemkamua hadi miguu ikakataa kusimama. Daktari alitaka tupime potasiamu, chumvi moja ya damuni ambayo ikizidi mno, moyo unasimama, na ikipungua mno, moyo unasimama vilevile. Muuguzi akatoa damu, akampa baba yake Bhoke, Mzee Marwa, ailete maabara. Ndivyo ilivyokuwa, ndugu wa mgonjwa ndio walikuwa miguu ya hospitali.

Mashine ikatoa jibu: potasiamu iko juu, juu ya kutisha! Daktari alikuwa na dawa ya kuishusha, anangoja neno letu tu. Nikakimbilia simu. Kabla sijainua, mkono wa mkuu wetu wa maabara ukatua juu yake. Alikuwa Mhaya, mtu mzima, tulimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hata chai aliinywa kama anayeihoji.

"Damu yenyewe umeiona?"

"Nimeona jibu, mzee."

"Sijakuuliza jibu. Haraka haraka haina baraka, binti. Mashine haisemi uongo, lakini haijui imepewa nini. Kaitazame."

Nikakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Tukishaizungusha damu kwenye mashine, yale maji yanayobaki juu huwa na rangi ya samli iliyoyeyuka. Haya yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela. Maana yake chembe za damu zimepasuka, na potasiamu nyingi hukaa ndani ya chembe hizo. Zikipasuka inamwagika yote. Tulikuwa tumepima fujo ya kichupa, si mwili wa Bhoke.

Tukatoka nje. Mzee Marwa alikuwa kwenye benchi, fimbo magotini.

"Shikamoo, tata," nikamwita baba kwa Kikurya chetu.

"Marahaba, mama. Mwanangu atapona?"

Nikamuuliza ile damu aliibebaje. Akatoa kifua mbele kwa fahari.

"Vizuri kabisa! Nimeitikisa tangu wodini mpaka dirishani kwenu, na foleni yote ile. Sikuiacha igande hata kidogo. Mimi damu naijua."

Lo! Mzee Taratibu hakuelewa kwa nini mtu atikise damu, lakini mimi ni Mkurya. Kwetu ng'ombe akitobolewa mshipa wa shingo kwa mshale, damu inayokingwa kwenye kibuyu hutikiswa bila kukoma isigande, ndipo inachanganywa na maziwa, anywe mgonjwa, anywe mzazi apate nguvu. Mzee huyu alikuwa ameitunza damu ya mwanawe kwa ujuzi wote alioachiwa na baba zake, na kutikisa huko ndiko kulikozipasua chembe.

Nikaenda wodini nikatoa damu nyingine mwenyewe, nikaibeba kama yai. Tukaiacha igande, kama kipimo kile kinavyotaka, tukaizungusha. Yale maji yakatoka safi, rangi ya samli. Na jibu je? Potasiamu iko chini, chini mno. Ile dawa ya kuishusha ingemuua. Nikakaa chini palepale sakafuni.

Badala yake Bhoke akatundikiwa dripu yenye potasiamu, polepole. Kesho yake akaketi, akaomba mtoto wake amnyonyeshe.

Mzee Marwa alipoelezwa yote alishika kichwa. "Kumbe mikono yangu hii ilikuwa inamuua?"

Mzee Taratibu akaishika mikono yake yote miwili. "Mikono yako ilikuwa inampenda, mzee wangu. Sisi ndio hatukukwambia."

Mpaka leo nashangaa, mwanangu. Chumvi usiyoiona kwa macho, kidogo kuliko ile unayobana kwa vidole kutia kwenye mboga, ndiyo inaufanya moyo upige, wa waziri na wa mchunga ng'ombe, kwa kipimo kilekile. Nimezeeka kwenye kazi hii na sijaizoea ajabu hiyo. Nawe usiizoee.

Kwa hiyo itazame damu kabla ya kutazama jibu. Kuuliza si ujinga. Muulize aliyeibeba, na kabla hajaibeba mweleze, kwa lugha ya kwao ukiijua. Kila kichupa kina mtu anayengojewa nyumbani.

Haya, nenda. Mungu ayape macho yako subira, na damu za watu zitulie mikononi mwako.