Chaki ya Muhogo

Muhogo ndio uliomtoa Mwalimu Ivyne Nairobi. Najua hujaelewa. Tulia.

Clifford Odero ni mchora katuni wa gazeti moja hapo tao, katikati ya jiji. Yeye na mkewe Ivyne walikuwa wakiishi mtaa wa Jamhuri. Ivyne alifundisha shule ya msingi ya serikali karibu na Dagoretti Corner.

Muhula huo pesa za shule zilichelewa mpaka chaki zikaisha. Ivyne akanunua mihogo Kawangware, akaikata vipande vyembamba, akaianika kwenye balkoni. Ilipokauka kabisa akaenda kuandikia ubaoni, kama walivyofanya kwao Busia alipokuwa mdogo.

"Inaandika poa," alimwambia Clifford. "Shida ni watoto. Wenye njaa wanaila."

Clifford alicheka. Kisha akachukua kalamu.

Akachora mwalimu akiandika kwa muhogo. Nyuma yake mheshimiwa mmoja, mbunge mwenye kitambi, amekalia dawati, anakula chaki na kechapu kama chipsi, huku akisema: "Mshahara mtaongezwa. Vumilieni."

"Uso si wako," alimhakikishia mkewe.

Ivyne aliitazama katuni. "Lakini muhogo ni wangu," akasema. "Haidhuru. Peleka. Lazima mtu aseme."

Siku ilipochapishwa, kufikia jioni ilikuwa kwa kila grupu ya WhatsApp. Walimu waliokuwa wakiandamana kudai nyongeza waliibeba kwa mabango. Clifford aliwaona kutoka dirisha la ofisi, machozi yakamlengalenga.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu, Bi. Peres, akamwita Ivyne.

"Madam, wakubwa wa elimu walikuja kuuliza ni shule gani inaandika kwa muhogo. Mimi sikusema. Wakauliza watoto."

"Kwani ni uongo?"

"Ingekuwa uongo ningekutetea," Bi. Peres akasema, macho chini.

Ivyne akahamishwa. Shule ya mpakani, kaskazini kabisa, na aripoti mara moja.

Clifford aligonga kila mlango. Mhariri akasema hayo ni mambo ya nyumbani kwake. Chama cha walimu kikamwambia angoje. Mwishowe akajikaza, akaenda kwa yule mbunge aliyemchora.

Alijua atatukanwa.

Mheshimiwa akainuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Niaje, msanii. Hii kitambi yangu uliitoa vizuri sana. Bibi yangu alicheka hadi akalia."

Akamwonyesha ukutani. Katuni ilikuwa pale, ndani ya fremu ya dhahabu.

"Hebu nisainie hapo chini."

Clifford akaeleza habari za Ivyne. Mheshimiwa akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Pole sana, ndugu yangu. Mambo ya transfa mimi siingilii. Lakini wacha nione."

Akampa kalamu. Clifford akasaini. Angefanya nini?

Mheshimiwa hakuona chochote. Ijumaa Ivyne alipanda basi na begi moja na godoro lililokunjwa.

"Nitaacha kuchora," Clifford alimwambia pale steji.

"Ukiacha," Ivyne akajibu, "mimi nitakuwa nimeenda bure."

Basi likaondoka. Clifford bado anachora. Siku hizi waheshimiwa humpigia simu wenyewe, wakiuliza mbona hajawachora.

Wenzangu, mkiona katuni ya mwalimu kwa simu zenu, chekeni tu. Lakini mjue kuna mwalimu wa kweli mle ndani, na yule mliyedhani ataona haya pengine ameitundika ofisini.