Marahaba ya Mama Dotto

Ditram wa Kilosa alipata jina kabla hajaota ndevu za kunyoa. Kwenye tamthilia ya runinga alikuwa Inspekta Radi, kijana wa miwani ya jua asiyeponyokwa na mwizi. Akishuka Mikumi kunywa chai, malori yanajipanga hadi hifadhini, na wapo walioapa kwamba twiga walikuwa wanakunja shingo kuchungulia ndani ya mgahawa.

Jina hilohilo likamponza. Wezi wa mifugo walimkalisha mbele kwenye lori la Fuso, miwani usoni, na kwenye kila kizuizi cha barabarani askari wakacheka, wakapiga naye picha, wakasema, "Pita, Inspekta." Nyuma, chini ya turubai, walikuwa maksai wanne wa Mama Dotto, mama wa Kisukuma aliyehamia Masanze na mifugo yake kutoka kanda ya ziwa. Kwenye kizuizi cha tano maksai mmoja akalia. Hakimu akampa Ditram miaka mitatu jela, naye akaimaliza yote.

Alipotoka, kutulia kukamshinda. Anaagiza chai, anaiacha, anazunguka stendi, akirudi imeshapoa. Na kila akimwona Mama Dotto mnadani anamwendea, miwani ileile usoni, anamwamkia. Mama yule anampita kama anayepita kichuguu. Na kule kwao shikamoo isiyojibiwa haiishi pale. Inakufuata hadi kitandani.

Mwongozaji mmoja wa filamu, Yusrah, akajitosa kumpa kazi: kijana anarudi nyumbani, anamwamkia mama yake, mama anaitikia. Alitaka boma la kweli na mama wa kweli. Ditram anashuka garini Masanze, anakuta boma ni la Mama Dotto, na mwenyewe kakaa kwenye kigoda, kajifunga kitenge kipya.

Mara ya kwanza akaamkia. Kimya. Mara ya saba, kimya. Walioitika ni ng'ombe tu. Yusrah akamvuta pembeni, akamwambia jua likizama bila marahaba atatafuta mwigizaji mwingine.

Ditram akazunguka zizi mara tatu, akaanza hata kuelekea barabarani, akarudi. Akaomba kamera izimwe. Akavua koti la filamu, akavua na miwani, akainama mbele ya kigoda.

"Shikamoo, mama. Ni mimi Ditram. Maksai wako niliwapitisha mimi."

Mama Dotto akamtazama mpaka nzi wakachoka.

"Siku zote hizi ananiamkia Inspekta," akasema. "Mimi na Inspekta hatujuani. Marahaba, mwanangu."

Ditram akainuka, akaanza tena kuzunguka zizi, mama akamwita.

"Haya, kavae koti lako tuwape hiyo picha yao. Na utulize miguu, unanitishia ndama."

Mara ya nane, mbele ya kamera, Mama Dotto akaitikia kwa sauti iliyosikika hadi Lumuma, na ndama hawakushtuka.