Enzi ya Paka

Kuna mfalme wa Uingereza aliyetawala miaka tisa tu, tena kiti chenyewe alikipata uzeeni, na mpaka leo nyumba, kofia na magauni ya wakati ule yanaitwa kwa jina lake. Hata miaka iliyofuata kifo chake wamemwongezea, kama mtu anayeongezewa pilau harusini. Nilisomewa hayo na binti wa nyumba niliyofanyia kazi Al Rayyan, kule Uarabuni. Alikuwa na miaka kumi, anasoma shule ya Kiingereza. Tulikuwa jikoni, mimi nachambua dania.

Mwalimu wake alikuwa amewaagiza wachore mstari wa miaka ya nyumba zao, waugawe kwa enzi, kila enzi ipewe jina la mtawala wake. Nikafuta mikono, nikainama nione.

Enzi ya Babu. Enzi ya Baba. Kisha Enzi ya Paka, miaka miwili, mpaka paka alipogongwa na gari. Halafu Baba tena.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe hukutawala kitu," akasema, wala hakuwa na ubaya.

Nilikasirika. Miaka tisa, sawasawa na huyo mfalme wao! Nani alimfundisha huyu mtoto kutembea? Nyanya yake alipougua, nani alikuwa akimgeuza kitandani? Kumbe miaka miwili mizima naishi katika enzi ya paka, na mavi yake nazoa mimi. Hata jina langu hawakulijua. Siku niliyofika, madamu alisema wameshazoea jina la msichana aliyenitangulia, kwa hiyo nami nitaitwa hilohilo, wasisumbuke. Nikaitikia. Nilijiambia mvumilivu hula mbivu. Mbivu zenyewe sijaziona.

Nikachukua kalamu yake nyekundu. Kuanzia mwaka niliofika hadi ukingo wa karatasi, juu ya Baba na juu ya Paka, nikaandika "Enzi ya", kisha jina nililopewa na mama yangu, kwa herufi kubwa. Binti alitazama tu.

Madamu akaingia kuulizia chai. Akaiona karatasi, akaiokota, akasoma mstari mzima kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye wino mwekundu. Akamgeukia binti yake.

"Huyu ni nani?"