API Imekwama

Wifi yangu ni mchanganyaji wa dawa kiwandani. Anachanganya sirapu nyekundu ya kifafa, na binti yake mwenyewe ana kifafa. Sasa mitambo imesimama, madukani hakuna hata tone, na mtoto anaanguka kila kukicha, ulimi wote majeraha. Niambieni kama hiyo si dhihaka!

Kiwandani wanasema API imekwisha. Kwao API ni ile poda yenyewe inayotibu; mengine yote ni maji, sukari na rangi. Tukasikia shehena imeshafika uwanja wa ndege, tukaenda mbio, wifi na sare yake ya kazi.

"API?" karani wa dirishani akashangaa. "Hizo ni taarifa za abiria. Sheria inataka zitumwe kabla ndege haijatua. Abiria wenu nani?"

"Abiria wetu ni poda, baba wee!" Wifi akanifinya ninyamaze.

Tukaelekezwa kwa fundi wa kompyuta. Huyo hata kichwa hakuinua. "API imekufa tangu wiki jana."

Nikajua dawa imeharibika. Kumbe kwake API ni njia ambayo kompyuta za mamlaka ya dawa zinaitumia kuongea na za forodha. Njia imekatika, kibali hakipiti, na poda imekaa ghalani, nyuma ya ukuta ule ule tuliouegemea.

"Si waandike kibali kwa mkono?" wifi akauliza.

"Mama, mfumo haupokei mkono."

Mfumo! Nililia kwa hasira mbele za watu, wala sioni haya kusema.

Ukabaki mlango mmoja. Kila dawa ikitengenezwa, kiwanda huweka chupa chache kabatini, zisiguswe, ili yakija malalamiko wakaguzi wazipime. Mtunzaji wake ni mzee tunayemwita Kufuli, maana hafunguki kwa lolote. Wifi alishamwomba akakataa, akarudi akafukuzwa. Safari hii tulikwenda na mtoto mgongoni, ametoka kuanguka, povu halijakauka shavuni.

Kufuli alimtazama mtoto, akafungua kabati. Chupa hizo, zimejaa, nyekundu! Wifi akanyakua moja, akang'oa kizibo.

"Usimpe," Kufuli akasema.

Nilitaka kumrukia mwilini.

"Usimpe, mwanangu. Ni maji ya sukari na rangi." Akakaa juu ya kreti, mikono kichwani. "Na mimi nina mjukuu. Nilianza na chupa moja tu, nikasema nitairudisha dawa ikitoka. Nisameheni."

Poda ile ina uchungu ambao sukari haiufichi, na wifi anaujua kuliko sisi sote. Akaonja. Akafungua ya pili, akaonja, akafungua nyingine, mtoto kamlalia begani. Alionja zote, mpaka ya mwisho kabisa chini ya kabati, na zote zilikuwa tamu.