Nilivyokuwa mpangaji mwenza wa mama mkwe tukiisubiri dhoruba

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, tuliolingana mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji kimya wa siku nyingi, leo naomba nafasi. Haya yalitokea majira ya baridi yaliyopita, na mke wangu anasoma juu ya bega langu hapa, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sina ujanja.

Kwetu ni Morogoro, naishi Stockholm upande wa Hallunda, naendesha basi. Mke wangu Nekesa ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma.

Kwa msiojua: kwao Nekesa, mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hampeani mikono, hamli meza moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo usiombe. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Kwetu mama mkwe tunamheshimu pia, ila chai tunakunywa naye.

Basi mama alipokuja kumwona mjukuu wake Neema, mimi nikahama. Ndiyo, nilihama nyumbani kwangu!

Nikawa nalala kwa rafiki yangu Désiré, Mrundi wa Upplands Väsby, yaani naukata mji mzima kila siku. Jioni napita nyumbani, nasimama mlangoni, namsalimia mama kwa mbali, anaitikia huku anaangalia dirisha. Namkumbatia Neema, naondoka.

Désiré alinicheka sana. "Mon frère, ndugu yangu, mimi nilikimbia vita. Wewe umekimbia mama mkwe."

Na tangu nimwoe Nekesa, zaidi ya kuitikia salamu, mama hakuwahi kuniambia neno mimi mwenyewe. Yote yanapitia kwa binti yake. "Mwambie Baba Neema asante kwa simu." "Mwambie Baba Neema pole na baridi." Mwambie, mwambie, mpaka nikazoea.

Nekesa hakuzoea. Alitamani japo wikendi moja atuone wote pamoja. Mwenzake wa kazini, Gunilla, ana nyumba ya urithi kwenye kijiji cha wavuvi, visiwa vya nje kabisa. Nyumba kubwa, na pembeni kijumba cha wageni.

Mapaa mawili, wakuu! Nekesa nusura acheze.

Tukapanda basi mpaka bandarini, kisha boti, mpaka visiwa vikaanza kuwa miamba mitupu. Kijiji chenyewe nyumba nyekundu chache, nyingi zimefungwa mpaka kiangazi. Usiku huo nililala kijumbani na hita yangu ya umeme, raha mustarehe.

Asubuhi, boti ya kwanza ikiwa imeshaondoka, akagonga Lennart, mzee anayekaa ng'ambo ya ghuba. Kuna onyo la dhoruba kali ya theluji, akasema. Boti zilizobaki zimefutwa. Umeme utakatika, na ukikatika, pampu ya kisima nayo basi, kwa hiyo tujaze maji sasa hivi.

Nekesa akamtafsiria mama. Mama akashangaa kweli kweli.

"Kwani huku stima ikipotea ni ya kutangaza? Kwetu inapotea hata bila upepo!"

Akajifunga leso kiunoni (sisi tunaita kanga) akashika uongozi wa kijiji. Ndoo, sufuria, hadi birika, vyote maji. Mimi nabeba kuni, nafunga meza ya nje isije ikapaa, nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nasikia: "Mwambie Baba Neema kuni nene zikae chini."

Nilifurahi, sifichi. Hata kuamrishwa kwa kupitia mtu ni kukaa pamoja.

Shida ilianza Lennart alipochungulia kijumba changu. Akaangalia hita, akatikisa kichwa. Humu umeme ukienda ni friji, akasema. Laleni wote chumba kile chenye jiko la kuni.

Nekesa hakutafsiri, ila mama alielewa kwa mkono wa mzee uliokuwa ukionyesha jiko.

Nikasema nitalala kijumbani na makoti yote. Nekesa akaanza kulia. "Ugande kwa ajili ya heshima? Au mama yangu arudi Bungoma na aibu? Mnataka nichague?"

Lennart, bila kujua kinachoendelea, akasema kwake kuna kitanda. Nikashika koti haraka, nikaona nimeokoka.

Nekesa alipotafsiri, mama akamuuliza, "Dhoruba ikishaanza, mkimhitaji, kutoka huko ng'ambo Baba Neema anaweza kuja hapa?"

"Hapana, mama. Hakuna atakayepita."

Mama akaenda kwenye begi lake, akatoa leso nyingine na kamba ya kuanikia nguo. Akafunga kamba ukuta hadi ukuta, jiko likiwa katikati, akatundika leso. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye kamba:

"Baba Neema. Hii nyumba ni yako?"

Wakuu, ni mimi nasemeshwa! "Hapana, mama. Ni ya Gunilla."

"Ni yangu?"

"Hapana, mama."

"Basi hapa sisi wote ni wapangaji. Huko ni kwako na familia yako, huku ni kwangu. Jiko ni la ploti nzima, la wapangaji wote. Ukitaka kitu, piga hodi. Koti weka chini."

Nikaweka chini.

Neema akauliza kwa Kiswidi kama yeye anaruhusiwa kukaa pande zote. Alipotafsiriwa, mama akacheka, akamvuta upande wake.

Giza likaingia mapema, upepo ukaanza kubisha madirisha, na taa zikazima. Hakuna aliyestuka. Nikasikia nyuma ya leso:

"Hodi, jirani."

"Karibu, mama."

Mkono ukapitisha kikombe cha uji chini ya kitambaa. Nikanywa. Akaniuliza kwetu mvua zinanyesha lini, na wazazi wangu wanalima nini. Kisha akanisimulia Nekesa alivyokuwa mkaidi utotoni. Nje dunia inapasuka, na mimi ndiyo kwanza natambulishwa ukweni.

Kesho yake, dhoruba ilipotulia, Lennart alikuja akipambana na theluji ya kiunoni. Akaiona leso, nikamweleza. Akasema hata yeye angemtundikia mama mkwe wake pazia, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Tuliporudi mjini nikaenda zangu kwa Désiré mpaka mama aliposafiri. Kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda hatukupeana mikono. Heshima iko pale pale.

Nilichojifunza: mila ambayo mimi niliiona ukuta, mwenyewe anajua mlango uko wapi. Wenye wakwe wa namna hii leteni yenu. Mnaosema ni ushamba karibuni pia, ila pigeni hodi.

Naishia hapa, leo Jumapili na simu ya Bungoma imeingia. Nekesa ameipokea. Zamani ningesikia "mwambie".

"Nekesa, hebu nibishie hodi hapo kwa jirani."