Nilivyonyamazisha error ya Lisp nikapoteza sauti za marehemu

Wakuu, salaam kutoka Kilifi. Sina haja ya kutia chumvi, maana aibu yenyewe ni yangu.

Mimi ni programmer, na napenda Lisp, lugha ya kuandikia programu. Niliandika programu ya kutunza kumbukumbu za nyumbani: picha, sauti, barua, vyote kwenye faili moja la maandishi. Kwa kuwa sauti si maandishi, programu huchukua byte zake, zile namba ndogo zinazounda faili, na kuzigeuza kuwa base64, yaani msururu wa herufi za kawaida unaoweza kurudishwa kuwa sauti tena.

Mwaka jana alinijia dada Kadzo, jirani yangu hapa Tezo. Mumewe alikuwa amefariki. Voice note zake saba zilikuwa kwenye memory card, na simu ilikuwa ikizifungua kwa tabu.

"Kaka, niwekee hizi. Watoto wakikua wamsikie baba yao."

Nikamjibu, "Ondoa shaka dada, hilo dogo."

Dogo! Neno hilo laniuma mpaka leo.

Nilipoiendesha, programu ikagoma kwa error: kuna byte zisizosomeka kama herufi.

Kosa lilikuwa langu. Nilifungua faili la sauti kana kwamba ni maandishi, badala ya kuiambia Lisp isome byte tupu. Lakini sikutafuta chanzo. Niliongeza amri moja tu: usichokielewa, weka alama ya kuuliza, endelea.

Ikaendelea. Herufi zikamiminika kwenye skrini, nikaridhika. Sikuzirudisha kuwa sauti hata mara moja nihakikishe.

Kisha nikaifomati ile card, nikafuta vyote na kumrudishia, simu yake iwe nyepesi. Eti namsaidia.

Baada ya miezi miwili Kadzo akaja na bintiye kusikiliza. Nikafungua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kuchungulia byte zilizorudishwa, alama za kuuliza tele, na kilichokuwa mahali pake hakikuhifadhiwa popote. Nikahangaika na card siku tatu, lakini ilishajaa picha mpya.

Nikaenda kwake nikamwambia ukweli. Hakunifokea.

"Zote?"

"Zote, dada. Nisamehe."

Akainuka, akaingia ndani.

Baadaye wifi yake wa Malindi alipata moja kwenye simu yake. Marehemu anauliza kama mvua imenyesha huko, kisha anacheka. Basi. Hiyo niliihifadhi nakala tatu, na kila moja nikairudisha kuwa sauti nikaisikiliza mpaka mwisho. Kadzo aliipokea, akanishukuru kwa adabu, adabu ile ya kumshukuru mgeni.

Wakuu, error ikikusumbua, isikilize kwanza. Na usifute cha mtu kabla hujakirudisha na kukihakiki.

Aliyewahi kupoteza kitu cha mwenzake kisicholipika aniambie: mliendelea vipi kuishi jirani? Mimi kila asubuhi namwamkia, naye huitikia, lakini hajaniita kaka tena.